Zulia la mgombea na amana ya kura



Ndugu msomaji, kila uchaguzi unapokaribia hapa nchini, misikiti yetu hupata wageni. Huyu huleta mazulia, yule mabati au saruji ya madrasa, na ikisadifu Ramadhani huja magunia ya mchele na maboksi ya tende. Mgeni hupewa kipaza sauti baada ya swala, akataja alicholeta, kisha imamu akaombwa amwombee dua. Je, hiyo ni swadaka, au ni kitu kingine kilichovishwa kanzu?

Serikali ya dunia nayo imelihangaikia swali hili. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, ikaruhusu mgombea kutoa kitu kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa kimila. Hiyo ndiyo iliyoitwa "takrima". Mashirika ya LHRC, LEAT na NOLA yalikwenda Mahakama Kuu, na mwezi Aprili 2006 mahakama hiyo ikasema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, kwa kuwa vilimbagua mgombea asiye na mali na kuharibu uhuru wa mpiga kura. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi.

Muislamu hakuhitaji kungoja hadi 2006. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Humayd As-Saidi (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi aliigawa mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume (S.A.W.) akapanda mimbari akauliza, lau mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, angeletewa zawadi hiyo?

Tazama kipimo hicho kilivyo chepesi. Mtume (S.A.W.) hakuuliza thamani ya zawadi, wala kama aliyeitoa alitabasamu. Aliuliza sababu yake. Zawadi iliyokuja kwa sababu ya cheo si ya mtu. Na Khalifa Umar bin Abdul-Aziz, alipokataa zawadi akaambiwa kuwa Mtume alikuwa akipokea, alijibu kwamba zama zile ilikuwa zawadi, na zama zake imekuwa rushwa.

Sasa geuza kipimo hicho kimwelekee mpiga kura. Kama msikiti ule usingekuwa na waumini mia tano wenye kura, zulia lingefika? Kama uchaguzi ungekuwa umekwisha mwezi uliopita, mchele ungeshushwa? Jibu likiwa hapana, basi tumeletewa kwa sababu ya kura, na kura ni katika amana ambazo Allah ametuamrisha kuzifikisha kwa wanaostahiki (An-Nisaa, 4:58).

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha nne aliniuliza: "Mwalimu, zulia halikuingia mfukoni mwa mtu, tunaswalia wote. Dhambi iko wapi?" Ni swali zuri. Nilimjibu kuwa simzungumzii anayeswali juu yake, nazungumzia kilichotoka mikononi mwetu kulilipia. Tuliacha haki ya kumuuliza yule mgeni.

Chukua mfano wa Mahakama ya Kadhi. Tanzania Bara mahakama hizo ziliondolewa katika mabadiliko ya mahakama ya mwaka 1963, huku Zanzibar zikibaki. Ilani ya CCM ya mwaka 2005 iliahidi kulipatia ufumbuzi suala hilo. Mwaka 2015 muswada wa kuzipa nguvu ya kisheria hukumu za kadhi ulifika bungeni, ukaondolewa bila kupitishwa. Kati ya 2005 na 2015 wagombea walipita misikitini mara ngapi? Ni kamati ngapi zilimwambia mgombea, kabla ya kupokea saruji, "Kwanza tueleze ile ahadi"? Wajane na mayatima wanaosumbuka na mirathi hawasaidiwi na zulia. Na ahadi itaulizwa siku ya Kiyama (Al-Israa, 17:34). Basi sisi tunaona haya gani kuiuliza hapa?

Sisemi haya dhidi ya chama kimoja. Wa upinzani naye akija na magunia, hukumu ni ile ile. Wala tusimlegezee mgombea kwa kuwa ni Muislamu mwenzetu. Allah ametuamrisha kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa (An-Nisaa, 4:135), na chuki ya watu isitufanye tusiwe waadilifu (Al-Maida, 5:8). Asiye Muislamu akiwa mkweli na mwadilifu, ana haki ya kusemwa hivyo.

Pia yupo katika hadithi ya Abu Hurayra (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu ambaye Allah hatamsemesha siku ya Kiyama: aliyempa kiongozi kiapo cha utii kwa ajili ya dunia tu, akipewa anatekeleza, asipopewa anavunja. Hapo anayeonywa si mgombea. Ni sisi.

Tufanye nini? Kwanza, kamati za misikiti zikubaliane kwamba tangu kampeni zinapoanza hadi matokeo yatangazwe, hazipokei kitu kwa mgombea wala wakala wake. Mwenye swadaka ya kweli miaka mingine anayo. Pili, anayetoa asipewe kipaza sauti; Qur'an imesifu swadaka ya siri (Al-Baqara, 2:271). Tatu, mgombea akitaka kuonana na waumini, aitwe ukumbini nje ya swala pamoja na washindani wake, aulizwe maswali yaliyoandikwa, na majibu yake yatunzwe hadi uchaguzi unaofuata.

Na zulia la msikiti tulinunue wenyewe, hata kwa kuchangishana shilingi mia mia kila Ijumaa. Likichakaa kabla hatujakamilisha mchango, jamvi linatosha.

Allah atujaalie kuzifikisha amana kwa wanaostahiki. Amin.