Kununua Pikipiki Iliyotumika: Soma Kwanza Daftari la Ukaguzi

Wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mithali hii yamfaa sana mtu atakaye kununua pikipiki iliyokwisha tumika. Huko Uingereza, ambako wenzetu wengi wasemao Kiswahili wanafanya kazi na kusoma, daftari la ukaguzi wa pikipiki laweza kusomwa na mtu ye yote bila malipo.

Ukaguzi huo huitwa MOT, nao ulianza mwaka 1960 kwa magari yaliyotimiza miaka 10. Tangu 1967 umri huo umekuwa miaka 3, na baada ya hapo chombo hukaguliwa kila mwaka. (Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake.) Mkaguzi hutazama breki, taa, usukani, magurudumu, matairi, mnyororo na honi. Matokeo ya tangu 2005 yamo katika tovuti ya serikali. Mnunuzi huandika nambari ya pikipiki tu, akaonyeshwa yote.

Sasa tujifunze namna ya kulisoma daftari hilo.

Kwanza, tazama maili. Tuseme mwaka 2019 ziliandikwa maili 18,400, mwaka 2021 maili 21,100, kisha mwaka 2023 maili 12,300. Safari iliyokwisha kwendwa haipungui. Labda saa ya maili ilibadilishwa, labda mkaguzi alikosea kuandika, au labda mtu aliirudisha nyuma kwa hila. Mwulize mwenye kuuza akuonyeshe hati za fundi. Akishindwa kueleza, nenda zako.

Pili, tazama miaka iliyokosa ukaguzi. Mwaka 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, serikali iliongeza miezi 6 kwa vyeti vya kwisha kati ya 30 Machi na 31 Julai. Basi pengo dogo la wakati ule si ajabu. Lakini pengo la miaka mitatu lataka maelezo. Ikiwa pikipiki ililazwa bandani, huenda matairi yamezeeka na tangi limeingia kutu.

Tatu, soma maonyo, wala usiridhike na neno "imefaulu". Pikipiki yaweza kufaulu na huku mkaguzi ameandika kwamba mnyororo umechakaa, au tairi la nyuma limekaribia kwisha. Onyo likiandikwa mwaka huu na mwaka ujao halipo, yaelekea mwenyewe ni mtunzaji. Likirudiwa mwaka hata mwaka, mwenyewe hutengeneza lile analolazimishwa tu. Tangu Mei 2018 kasoro zimegawanywa mafungu matatu: za hatari, kubwa na ndogo. Mbili za kwanza huifanya pikipiki ishindwe. Hata hivyo, kushindwa mara moja si sababu ya kuikataa. Tazama kama ilitengenezwa upesi ikafaulu.

Lakini daftari hili lina mipaka. Mkaguzi hafungui injini, wala hapimi klachi na giaboksi. Cheti chake chaonyesha hali ya siku ile tu, wala hakisemi kama pikipiki ina deni au iliibwa. Kwa hiyo nenda ukaitazame mchana, uiwashe injini ingali baridi, na ulinganishe nambari iliyochongwa katika fremu na ile ya hati ya usajili. Kumbuka pia kwamba hati hiyo humtaja mwenye kuandikishwa. Si ushahidi kwamba pikipiki ni mali yake. Taka stakabadhi ya mauzo.

Ndugu msomaji, kazi ya kusoma daftari ni ya dakika chache. Fedha iliyopotea huweza kutafutwa tena, bali breki mbovu huweza kumwua mwendeshaji siku ya kwanza. Kabla hujatoa fedha yako, lisome daftari lote, mwaka kwa mwaka, tangu mwanzo hata mwisho.