Upepo na Majengo Marefu Kuliko Yote

Watu wengi hudhani kwamba shida kubwa ya kujenga ghorofa mia moja ni uzito. Lakini uzito huelekea chini daima, na nguzo imara huweza kuubeba. Adui mkubwa wa jengo refu ni upepo, kwa kuwa huo hulisukuma ubavuni.

Tuseme majengo mawili yana upana sawa, na moja ni refu mara mbili ya jingine. Hata kama kasi ya upepo ni ile ile, jengo refu hupokea kani mara mbili, na mkono wa wenzo nao huwa mrefu mara mbili. Basi nguvu ya kulipindua penye msingi huwa mara nne. Tena, kwa kawaida kasi ya upepo huongezeka kadiri mtu apandavyo juu.

Jengo la Empire State mjini New York, lenye mita 381, lilikamilika mwaka 1931. Nguzo zake za chuma zimetapakaa ndani ya jengo zima. Kwa njia hiyo, kila mita moja ya mraba ya sakafu ilihitaji kilo 206 hivi za chuma. Kupanda juu zaidi kungalikuwa ghali mno.

Njia mpya ilibuniwa na mhandisi Fazlur Khan, mzaliwa wa Dhaka, aliyefanya kazi Chicago. Yeye alizipanga nguzo karibu karibu kwenye kuta za nje, jengo likawa kama mwanzi: wazi ndani, gumu nje. Chuma kilicho mbali na kitovu hupinga kupindwa kuliko kilicho karibu nacho. Katika jengo la Sears mjini Chicago, ambalo leo huitwa Willis, mianzi tisa ya namna hiyo iliunganishwa kuwa tita moja. Jengo hilo la mita 442 lilikamilika mwaka 1974, nalo lilihitaji kilo 161 hivi tu kwa kila mita ya mraba.

Hata hivyo, upepo una hila nyingine. Unapolipita jengo huacha nyuma mizunguko ya hewa, mara kushoto, mara kulia, na kila mzunguko hulivuta jengo upande wake. Mapigo hayo yakilingana na mwendo wa jengo lenyewe, myumbo huzidi, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Ndiyo sababu Burj Khalifa la Dubai, lenye mita 828, lililofunguliwa mwaka 2010, lina mabawa matatu yanayopungua kwa ngazi. Umbo lake hubadilika kila kimo, hivyo mizunguko ya hewa haipati kupiga kwa pamoja.

JARIBIO: Chukua karatasi mbili zilizo sawa. Moja izungushe iwe kama mwanzi, uifunge kwa gundi. Ya pili ikunje iwe ukanda bapa. Shika kila moja kwa chini, kisha isukume ncha ya juu kwa kidole, ukanda ukiusukuma upande wake mpana. Ukanda utapinda upesi, mwanzi utastahimili. Karatasi ni kiasi kile kile. Kilichobadilika ni mahali ilipowekwa.