Pochi ya "bila kodi": kodi ipi, na ya nani?

Wifi yangu hutuma picha kabla ya salamu. Safari hii ilikuwa picha ya pochi ya Louis Vuitton, na chini yake maneno machache: "Wifi, si unapitia Paris? Hapo uwanjani hakuna kodi. Niletee." Hakutaja rangi wala ukubwa, na fedha hakuzigusa kabisa. Kilichomwingia kichwani ni hayo maneno mawili, "hakuna kodi", na si yeye peke yake. Nimewaona watu wazima, wanaobishania shilingi mia mbili sokoni, wakifika mbele ya duka la uwanja wa ndege na kulipa bila kuuliza chochote.

Kinachoondolewa pale ni kodi ya nchi unayoiaga. Kodi ya nchi unayokwenda haijaguswa, na bei ya mwenye duka ni shauri lake. Ukiyatenganisha hayo matatu, hesabu inafanyika nyumbani, kwa kalamu, kabla hujafunga sanduku.

Tuanze na Paris aliyoitaja wifi. VAT ya Ufaransa ni asilimia 20, na wengi hudhani basi pochi itapungua kwa moja ya tano. Haipungui hivyo. Bei ya kibandiko tayari ina kodi ndani yake, kwa hiyo kodi ni moja ya sita ya bei hiyo. Pochi yenye kibandiko cha yuro 1,800 ina kodi ya 300. Bila kodi ni 1,500. Shika hiyo moja ya sita, kwani ndiyo kipimo cha kumpimia kila muuzaji wa pale.

Sasa kuna njia mbili za kuipata ile 300, na huwezi kuzitumia zote kwa pochi moja.

Ya kwanza ni kununua mjini na kurudishiwa kodi, utaratibu ambao Wafaransa huuita détaxe. Unatakiwa uwe na makazi nje ya Umoja wa Ulaya, umri usiopungua miaka 16, ziara ya chini ya miezi sita, na manunuzi ya zaidi ya yuro 100 katika duka moja au maduka ya chapa moja ndani ya siku tatu. Kinachoangaliwa ni makazi, hivyo rangi ya pasipoti haitoshi. Mtanzania anayeishi Hamburg hapati. Mfaransa anayeishi Nairobi anapata. Dukani unalipa bei nzima, unaonyesha pasipoti, unapewa fomu yenye msimbo wa mistari. Ukifika Charles de Gaulle unaitafuta mashine iliyoandikwa PABLO, unaielekeza fomu yako kwenye mwanga, skrini inageuka kijani, umemaliza. Skrini ikikataa, unakwenda kwenye dirisha la forodha.

Hayo yote yafanyike kabla ya kukabidhi mzigo. Ofisa wa forodha ana haki ya kusema "nionyeshe", na pochi iliyokwisha kuzama tumboni mwa ndege haionyeshwi. Na aikute ikiwa mpya. Ile tamaa ya kuibeba begani jioni ya mwisho pale Champs-Élysées, izuie. Na kama safari yako ni Paris, kisha Frankfurt, kisha nyumbani, basi pochi ya mkononi inathibitishwa Frankfurt, mahali pa mwisho pa kutokea Umoja wa Ulaya.

Lakini ile 300 hairudi yote. Kati yako na serikali ya Ufaransa kuna kampuni ya kurejesha kodi, nayo hula sehemu yake. Mara nyingi mnunuzi hubaki na karibu asilimia 12 ya bei, yaani kama yuro 216 kwa mfano wetu. Ukitaka fedha taslimu palepale, makato huongezeka; ukikubali zirudi kwenye kadi, subira inakuhusu.

Njia ya pili ndiyo ya wifi: duka lililo ndani, baada ya ukaguzi wa pasipoti. Hakuna fomu. Muuzaji anaangalia pasi yako ya kupandia ndege, na ukiwa unatoka nje ya Umoja wa Ulaya anakutoza bei isiyo na kodi. Duka likiondoa moja ya sita yote, unalipa 1,500, umemzidi aliyenunua mjini kwa yuro 84. Mpaka hapo wifi ana haki yake.

Tatizo ni kwamba pale ndani huna pa kulinganishia. Ndiyo maana nasema: usiku wa kabla ya safari, fungua tovuti ya Kifaransa ya chapa unayoitaka, andika bei, igawe kwa sita, toa. Namba inayobaki iandike kwenye simu. Ukiwa mbele ya kaunta na bei ni kubwa kuliko hiyo, duka limeacha sehemu ya kodi mfukoni mwake, na unaweza kulipa ukijua hivyo au ukaenda zako.

Na ujue pochi unayoitaka huenda haipo. Maduka ya uwanjani ni madogo, hupewa mitindo inayotembea haraka na rangi chache. Birkin ya Hermès usiitarajie rafuni, ingawa ilizaliwa angani: katika miaka ya 1980 Jane Birkin alikaa karibu na Jean-Louis Dumas, mkuu wa Hermès, kwenye ndege ya Paris kwenda London, akamlalamikia kwamba hapati mkoba unaomfaa. Ule wa kwanza kabisa uliuzwa kwa mnada Paris mwezi Julai 2025 kwa zaidi ya yuro milioni nane. Sisi tulio na bajeti ya wifi tutazame pengine.

Angalia pia duka liko upande gani. Terminali 2E ya Charles de Gaulle ina kumbi tatu, K, L na M, na kutoka K kwenda nyingine unapanda treni ndogo. Mimi nimewahi kuacha foleni ya malipo nikiwa mtu wa pili, kwa sababu jina langu lilikuwa linatangazwa ukumbi mwingine. Mshipi niliokuwa nimeuchagua sijauona tena.

Dubai ni hadithi nyingine, na hapo ndipo ndugu zetu wengi wanapopitia. VAT ya Falme za Kiarabu ilianza Januari 2018 na ni asilimia 5 tu. Kwenye pochi ya dirhamu 5,000, kodi iliyo ndani ni kama 238. Ukinunua madukani mjini na kudai urejeshewe, unapewa sehemu kubwa ya kodi, ikikatwa ada ndogo, yaani kama 200. Tofauti ya mjini na uwanjani basi haifiki dirhamu 50. Kwa hiyo mtu anayeacha kuzunguka mjini, penye maduka mengi na muda wa kufikiri, eti kwa sababu "uwanjani hakuna kodi", anakimbia chini ya asilimia moja ya bei. Nunua uwanjani Dubai kama unapita tu na kitu kimekupendeza. Bei ya chapa zilezile Ulaya uilinganishe kwanza, maana chapa hupanga bei kwa kila nchi kivyake.

London, nitasema kwa kifupi. Tangu tarehe 1 Januari 2021 Uingereza ilifuta marejesho ya VAT kwa wageni wanaonunua madukani, na ikafuta pia uuzaji wa bila kodi wa bidhaa kama nguo na mikoba viwanjani. Pombe na sigara zilibaki. Pochi ya Heathrow ina VAT ya asilimia 20 ndani yake kama ya mjini, na punguzo ukiliona limetoka kwa mwenye duka. Watu bado wananibishia kwa ushahidi wa safari ya mwaka 2017.

Sasa turudi nyumbani, sehemu ambayo wauzaji hawaisemi. Pochi mpya inapoingia Dar es Salaam au Nairobi ni bidhaa iliyoagizwa. Abiria ana kiwango cha msamaha. Kilichozidi hutozwa ushuru wa forodha, kisha VAT juu ya jumla ya thamani na ushuru huo: asilimia 18 Tanzania, 16 Kenya. Chukua pochi yetu ya yuro 1,500. VAT ya Tanzania pekee, ikitozwa yote, ni 270, kabla hata ya ushuru wa forodha. Na ulichookoa Paris kilikuwa 300.

Wakenya wanakumbuka Novemba 2023, mamlaka yao ya mapato, KRA, ilipowakumbusha wasafiri kwamba vitu vya zaidi ya dola 500 vinalipiwa, na mitandao ikawaka moto. Viwango vya msamaha huweza kubadilika, kwa hiyo angalia tovuti ya KRA, au ya TRA kwa Tanzania, wiki ya safari, usitegemee simulizi ya jirani. Walio ughaibuni nao wana vyao: anayeingia Umoja wa Ulaya kwa ndege ana yuro 430, anayeingia Uingereza pauni 390, mkazi wa Marekani anayerudi ana dola 800. Uingereza, kitu kimoja kikizidi kiwango hutozwa kwa thamani yake yote, si kwa kilichozidi.

Nilipomweleza wifi haya alinyamaza kidogo. Kisha: "Si utaibeba begani, useme ni yako ya siku zote?" Nikamwambia, wifi, ngozi inanukia duka, vyuma vina nailoni, risiti ya jana imo ndani ya mkoba wangu. Pita njia nyekundu, ya wenye vitu vya kutangaza forodhani, onyesha risiti, lipa, ondoka. Anayekamatwa njia ya kijani hulipa kodi ileile na faini juu, na saa mbili za kusimama. Kwa upande mwingine, kama kweli unasafiri na pochi yako ya zamani ya bei, piga picha ukiwa nayo nyumbani kabla ya kuondoka, na risiti yake iwe kwenye simu, ili wakati wa kurudi usibishane na mtu.

Kuna kitu kidogo kinachowashangaza wageni. Mfuko wa plastiki uliopewa dukani huingii nao. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, na Rwanda ilitangulia zamani. Omba mfuko wa karatasi au wa kitambaa. Na pochi ya ngozi ya mamba au chatu ina sheria za kimataifa za wanyamapori, CITES. Muuzaji akishindwa kukupa karatasi zake, chagua ya ng'ombe.

Mbele ya kaunta, kagua pochi kwenye mwanga: mishono, zipu zote, pembe, kamba. Kurudisha kitu ulichonunua uwanjani kunahitaji tiketi nyingine. Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa yuro, chagua yuro, kwani shilingi ya mashine huwa na kiwango chake cha kubadilishia, nacho hakikupendelei. Risiti usiitupe na boksi. Siku ukitaka kuiuza pochi, mnunuzi ataiulizia kabla ya kuuliza rangi.

Wifi alinipigia tena usiku ule. Alikuwa amekwisha kutuma fedha za pochi, na za kodi ya Dar kando, kwenye muamala wa pili. Rangi ya kahawia, alisema, ukubwa wa kati, na kama haipo ukumbi wa K nisiikimbilie M.