Nguzo Nne za Kupanga Chumba: Somo kwa Wanafunzi Wetu Wanaokwenda Vyuoni Dar es Salaam



Ndugu mwanafunzi, kila mwaka baadhi yenu huja kutuaga. Mnaomba dua, mnabeba begi na godoro, mnapanda basi kwenda Dar es Salaam kuanza chuo. Dua tunawapa na tutaendelea kuwapa. Lakini miaka michache iliyopita tulitambua kwamba tulikuwa tunawapa nusu tu ya haki yenu.

Kijana wetu mmoja, aliyehitimu hapa na kuchaguliwa kujiunga na chuo, alitupigia simu usiku akiwa kwenye baraza ya msikiti. Alikuwa amelipa kodi ya miezi sita kwa mtu aliyejiita dalali. Alipofika na godoro lake alikuta chumba kina mpangaji, na mwenye nyumba hamjui dalali huyo wala hajapokea hata senti moja. Simu ya dalali haikupatikana tena. Fedha zile zilikuwa za mama yake, zamu yake ya upatu.

Kilichotuuma zaidi ni kwamba kijana huyu alikuwa amehifadhi nguzo za ijara kwa moyo. Sisi wenyewe ndio tuliomfundisha. Tulichoacha kumfundisha ni kuzitumia nguzo hizo akiwa amesimama mlangoni pa chumba. Ndiyo sababu ya somo hili.

KWA NINI VYUMBA NI TABU

Mwanafunzi kukosa pa kulala si jambo jipya. Ahlu Suffa walikuwa masahaba mafukara, wakilala chini ya kipaa katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina. Abu Huraira (r.a.) alikuwa miongoni mwao. Kwa hiyo asione haya mtu kuwa hana pa kukaa; aone haya kupoteza fedha za mzazi wake kwa uzembe.

Dar es Salaam ni jiji kubwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mabweni, na mwaka 2017 yalizinduliwa mengine ya wanafunzi 3,840, lakini wanafunzi wa chuo hicho ni wengi mara kadhaa kuliko idadi hiyo. Wanaokosa nafasi hupanga mitaani, na wengine hulala wawili kitanda kimoja, jambo ambalo wanafunzi hulijua kwa jina la "kubebana". Basi la kwanza ni hili: omba bweni la chuo mapema, siku ile ile maombi yanapofunguliwa. Ukikosa, ndipo usome yanayofuata.

Katika darasa la fiqhi tulisema nguzo za ijara ni nne: wenye kufunga mkataba, manufaa, ujira, na tamko. Tuzichukue moja moja.

NGUZO YA KWANZA: WENYE KUFUNGA MKATABA

Mkataba wako ni baina yako na mwenye nyumba. Dalali ni mpatanishi tu. Kwa kawaida huchukua ujira wa kodi ya mwezi mmoja, na wengine hudai fedha kidogo kwa kukuonyesha vyumba. Hiyo ni kazi yake, na madalali waaminifu wapo wengi. Lakini kodi haipiti mkononi mwake. Ikiwa dalali anakuharakisha ulipe kwa sababu "kuna mtu mwingine anakuja jioni", mwache huyo wa jioni achukue.

Mwone mwenye nyumba kwa macho yako. Waulize wapangaji waliomo: Kodi mnamlipa nani? Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, au kwa mjumbe, uulize nyumba hiyo ni ya nani. Uliza pia kama ni nyumba ya mirathi. Nyumba nyingi za mjini zimeachwa na marehemu na hazijagawanywa. Ndugu mmoja anapokea kodi, wa pili anakuja mwezi wa tatu kukutoa. Wakiwa warithi wengi, omba kumjua msimamizi wa mirathi.

NGUZO YA PILI: MANUFAA

Manufaa sharti yajulikane. Chumba usichokiona hukijui, hata kama umetumiwa picha yake kwenye simu. Kikague mchana, kisha upite tena usiku uone kama njia ina taa na watu.

Nyumba nyingi za kupanga ni zile za Kiswahili: korido katikati, vyumba huku na huku, choo na bomba uani. Hesabu ni watu wangapi wanatumia choo hicho. Uliza maji hutoka siku zipi, na yasipotoka ndoo inanunuliwa wapi na kwa bei gani. Jaribu kitasa. Tazama ukutani: alama ya maji iliyopanda juu ya sakafu inakuambia yaliyotokea mvua iliyopita. Bonde la Msimbazi lina vyumba vya bei nafuu, na unafuu huo una sababu yake. Katika mafuriko ya Desemba 2011 watu walipoteza maisha mjini humo, na familia nyingi za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande.

Binti zetu, tunawasihi zaidi. Tafuteni nyumba anamoishi mama mwenye nyumba pamoja na familia yake, choo kiwe ndani, na mkae wawili au watatu mnaojuana. Chumba cha bei rahisi kinachokufanya uogope kwenda chooni usiku si rahisi.

NGUZO YA TATU: UJIRA

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kudhani ujira ni kodi peke yake. Tuchukue mfano wa hesabu.

Chumba cha kwanza kiko mbali, kodi sh. 40,000 kwa mwezi. Kwenda chuo unapanda daladala mbili na kurudi mbili. Tuseme kila moja ni sh. 600, kwa siku ni sh. 2,400, na kwa siku 22 za masomo ni sh. 52,800. Jumla sh. 92,800.

Chumba cha pili kiko karibu na chuo, kodi sh. 70,000, na unakwenda kwa miguu. Jumla ni sh. 70,000 ile ile. Kilichoonekana ghali kimekuwa nafuu kwa sh. 22,800, tena umeokoa saa za kusoma ambazo zingeishia kwenye foleni. Mkikaa wawili mnagawana, kila mmoja sh. 35,000.

Kwa hiyo tafuta kwa kufuata chuo chako. Wa Mlimani na Ardhi waanze Msewe, Changanyikeni na Makongo kabla ya kwenda mbali. Wa Chang'ombe watazame Keko na Temeke. Wa vyuo vya katikati ya mji wanaweza kukaa Magomeni, Manzese au Kimara, kwenye njia ya mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016. Lakini wahesabu nauli kwanza.

Ongeza umeme. Uliza kama chumba kina mita yake ya LUKU au mnachangia moja, na kama mnachangia, kwa kanuni gani. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo, basi zungumzeni mapema nani ataibeba.

Tatizo kubwa ni malipo ya mbele. Wenye nyumba wengi hutaka miezi sita au mwaka, na fedha za kujikimu za Bodi ya Mikopo, maarufu "bumu", hutoka kwa awamu na huenda zikakukuta umeshafika. Omba kwa adabu kulipa miezi mitatu mitatu. Wapo wanaokubali, hasa ukienda na mtu mzima wa kukudhamini.

NGUZO YA NNE: TAMKO

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana na kushuhudisha. Basi usione kwamba kudai maandishi ni kumdhania mtu vibaya. Andikianeni: majina ya pande mbili, chumba kipi, kodi kiasi gani, kuanzia tarehe ipi hadi ipi, umeme na maji nani analipa, na kila upande utoe taarifa ya muda gani kabla ya kuachana. Wekeni shahidi kila upande. Lipa kwa benki au simu, na jina linalotokea liwe lile la kwenye mkataba. Ukilipa taslimu, usiondoke bila risiti.

Na wewe uwe mpangaji mwema. Lipa kwa wakati, fagia uani zamu yako ikifika, punguza sauti ya redio. Mwenye nyumba aliyeishi vizuri na mwanafunzi mmoja humpokea na wa pili.

HITIMISHO

Kijana wetu yule alihifadhiwa na wahitimu wawili wa hapa waliokuwa na chumba kimoja Manzese. Walilala watatu muhula mzima. Fedha za mama yake hazikurudi. Lakini mwaka uliofuata yeye ndiye aliyewatafutia vyumba wadogo zake watatu kutoka madrasa hii, na sehemu kubwa ya somo hili tumeichota kwake. Sasa ofisini kuna daftari la wahitimu wetu walioko Dar es Salaam. Kabla hujapanda basi, pita ulitazame.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja nguzo nne za ijara, na kwa kila moja taja swali moja utakalouliza kabla ya kulipa.
2. Kwa nini kodi haipaswi kupitia mkononi mwa dalali?
3. Chumba kina kodi ya sh. 50,000, na nauli ni sh. 1,200 kwa siku kwa siku 22. Gharama kamili ya mwezi ni kiasi gani?
4. Andika mfano wa mkataba wa kupanga chumba, umwonyeshe mwalimu wako.

Wabillahi tawfiq.