Usingoje Uwe Sawa Ndipo Usali



Kijana mwenzangu, kuna wiki unaanguka Jumatatu, Jumanne unajilaumu, Jumatano unaacha kabisa kusali. Si kwamba umemkataa Mungu, unaona aibu tu. Unajiambia, "Ngoja kwanza nijirekebishe, ndo nirudi." Naijua hali hiyo. Nilipoingia seminari nilidhani hasira zangu zitabaki getini. Wapi! Niliingia nazo hadi kanisani: zaburi mdomoni, kinyongo moyoni.

Kilichonisaidia ni kuanza kusikiliza yale niliyokuwa nayasoma. Zaburi zote 150 ni sala za watu ambao bado wako njiani. Tuangalie tatu.

Zaburi ya 73. Asafu anakiri kwamba nusura ateleze, kwa sababu aliwaonea wivu waovu. Afya wanayo, mali wanayo, na habari na Mungu hawana. Ni kama wewe unapofungua simu usiku, ukaona aliyepita njia ya mkato anavyokula maisha, ukajiuliza uaminifu wako una faida gani. Asafu hafichi swali lake. Anaingia nalo patakatifu pa Mungu, na humo ndimo anaanza kuona vizuri. Kumbe muda wote Mungu alikuwa amemshika mkono.

Zaburi ya 13. Ni fupi sana, lakini mara 4 inamuuliza Mungu atachelewa mpaka lini. Halafu inaishia kwa wimbo. Cha ajabu, hatuambiwi kwamba adui ameshaondoka. Mwimbaji anaimba kwa sababu anautumainia upendo wa Mungu, hata kabla shida haijaisha.

Zaburi ya 51. Kichwa chake kinaihusisha na Daudi, baada ya nabii Nathani kumjia kwa ajili ya Bathsheba. Hapa hatuongelei kosa dogo: kuna uzinzi, na kuna damu ya Uria. Ila Daudi hasemi atarudi akishakuwa safi. Anamwomba Mungu ndiye amsafishe. Kanisa limeiweka katika Masifu ya Asubuhi ya Ijumaa, wiki zote 4 za mzunguko wa sala. Padre anaisali, mtawa anaisali, askofu pia. Hakuna anayeambiwa, "Wewe umeshakua, iruke."

Lakini tuelewane: hii si ruhusa ya kuizoea dhambi. Zaburi ya 51 haimwombi Mungu afumbe macho, inaomba moyo mpya. Kwa hiyo ukianguka, isali, kisha nenda Kitubio. Usisubiri Pasaka.

Zoezi la wiki hii: kabla ya kulala soma Zaburi ya 13 polepole. Mtajie Mungu kwa jina kile unachokingoja: ajira, ada, mzazi anayeumwa, tabia inayokushinda. Usipohisi chochote, sali hivyo hivyo.

Mimi hasira sijazimaliza. Ila siku hizi nikikosana na mwenzangu, sikwepi tena kanisa. Naingia nazo, namwambia Mungu, nikitoka naenda kugonga mlango wa yule niliyemkosea. Kuna siku naugonga kwa shida kweli.

*Tusali:* Ee Bwana, tupokee leo tulivyo, wala usituache tulivyo. Utufundishe kuja kwako hata tukiwa na aibu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.