SOMO: JE, AKILI YA MTOTO HUTOKANA NA UKOO?

Tunapopita nyumba kwa nyumba hapa kambini, wazazi hutuuliza: "Mimi mvuvi, sikusoma, na sasa tumekimbia vita. Mwanangu ataweza darasani?" Leo tujifunze jambo hili.

Ni kweli kwamba watoto wanapopimwa akili, wale wa wazazi waliosoma na wenye uwezo mara nyingi hupata alama za juu zaidi. Lakini usikimbilie kusema ni damu. Huko Embu, Kenya, watafiti waliwapima watoto wa miaka 7 hivi mwaka 1984, kisha wakawapima wengine mwaka 1998 kwa mtihani uleule wa michoro. Wastani ulipanda kutoka alama 13 hivi hadi 17. Damu ya watu haibadiliki kwa miaka 14. Watafiti waliona kilichobadilika ni hali ya nyumbani: wazazi wengi zaidi walijua kusoma, familia zilikuwa ndogo zaidi, na watoto walikula vizuri zaidi na kuwa na afya bora.

Basi wewe ufanye nini?

1. Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza. Baadaye ongeza uji wenye karanga, samaki, kunde na majani. Tumia chumvi yenye madini joto, hasa ukiwa mjamzito.

2. Mpe dawa ya minyoo siku za kampeni. Mlaze ndani ya chandarua, kwani malaria kali huweza kudhuru ubongo.

3. Zungumza naye kwa lugha ya nyumbani, iwe Kimwani, Kimakonde, Kimakua au Kiswahili. Hadithi za bibi, vitendawili, kuhesabu kokoto au samaki: hayo yote hayadai mzazi aliyesoma.

4. Mtoto aliyeona vita huweza kunyamaza, kushtuka au kukojoa kitandani. Huo si ujinga. Usimpige. Mlete kituo cha afya.

5. Pakiwa na chekechea ya jamii, mpeleke. Mkoani Gaza, kati ya 2008 na 2010, watoto waliosoma chekechea za vijijini waliingia shule ya msingi kwa wingi kuliko wenzao.

Kumbuka: mtoto mwenye njaa, anayeulizwa kwa Kireno asichokijua, atashindwa hata akiwa na akili. Usimwite mjinga. Ukoo hatuuchagui, lakini malezi ya leo yamo mikononi mwetu.