Mapenzi Yaliyofichwa katika Utenzi wa Mwana Kupona

Wanafunzi wengi wakiulizwa habari za Utenzi wa Mwana Kupona, hujibu kwamba ni mawaidha ya mama kwa binti yake juu ya dini na kumtii mume. Jibu hilo ni kweli, lakini mimi naona halitoshi. Ndani ya mawaidha hayo mna majonzi ya mjane.

Kwanza tumjue mtungaji. Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, aliyepigana na Sultani wa Unguja. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Utenzi una tarehe ya mwaka 1275 wa Hijra, yaani kiasi cha mwaka 1858, na mtungaji alikuwa mgonjwa. Basi huyu afundishaye kumtunza mume, mume wake mwenyewe alikuwa kaburini.

Sasa tuyasome tena mafundisho yake. Binti asimwamshe mume aliyelala, wala asipaze sauti. Ampepee, amkande, amnyoe, amfukize udi, amlee kama mtoto asiyejua kusema. Amri ya utii imo, wala siikani. Lakini mambo madogo kama hayo hayajui ila mtu aliyekaa kando ya mumewe akamtazama usingizini.

Ushahidi uko wapi? Tazameni vitenzi. Kwa beti nyingi mama aamrisha: fanya hivi, usifanye vile. Mara amri zakoma, naye aanza kusimulia. Aliishi na baba wa binti huyu kwa furaha na kicheko. Hawakuteta hata siku moja. Naye alipofikiwa na mauti alitamka kuwa yu radhi naye. Tangu siku hiyo, asema, machozi hayajamtulia kila akumbukapo mazoea yao. Beti hizo ni chache kati ya 102, lakini ndizo zinazotuonyesha zile nyingine zimetoka wapi.

Basi, ndugu zangu, msomapo shairi la kale, ulizeni: nani aambiwa, nani akumbukwa, na usemi wabadilika wapi? Lakini msitie shairini yasiyomo. Kila mnalodai, onyesheni ubeti wake. Nanyi mliokwisha kutoka shuleni, mliousoma utenzi huu kwa ajili ya mtihani tu, usomeni tena. Safari hii msikilizeni mjane.